Siku ya Kufumba Macho Midomoni

Anayetaka kukaa akae, anayepita apite, ila asirudi mwishoni kuniuliza mwanzo ulikuwaje.

Kulikuwa na fundi bomba mmoja anaitwa Mlekwa. Shule aliiacha darasa la sita, siku mwalimu alipomwambia akae chini na yeye akaona amekaa vya kutosha. Tangu hapo hakukaa. Alizunguka nchi za watu na begi lake la spana, anaziba panapovuja, anazibua palipoziba, na kila alipofika alisema alichokiona hata kama hakuna aliyemuuliza. Ndiyo maana hakuna mahali alipodumu.

Njia aliyopita kufika nchi ya Midomoni tuiache. Ilikuwa ndefu, ilikuwa na vumbi, basi. Alifika, akapata chumba kwa mama mmoja anaitwa Bi Sikitu, na kabla hajatua begi, ukuta ukasema:

"We Hangwe! Mguu wa mbao! Tumbili wa makaa, rudi mlimani kwenu!"

Mlekwa akageuka. Ukutani palikuwa na bomba la udongo limechomoza kama pua, tundu lake limepanuka. Mtu hakuna.

"Nani huyo?"

"Hatujui," Bi Sikitu akajibu, anaendelea kuchambua mchele. "Hiyo ya asubuhi. Za mchana ndo mbaya."

Akaelezwa. Kila nyumba ya Midomoni ina bomba kama hilo, wenyewe wanaliita mdomo. Mabomba yote yameungana chini ya ardhi. Ukisogea kwenye mdomo wa kwako ukataja jina la mtu, maneno yako yanatokea nyumbani kwake. Na sauti zote zikishapita chini zinatokea moja tu, ya mtu mwenye mafua. Lakini kilichomshangaza zaidi Mlekwa ni magunia. Mtu wa Midomoni akitaka kusema mabaya, anajifungia ndani, peke yake, halafu anavaa gunia kichwani. Hakuna anayemwona, lakini analivaa.

"Sasa gunia la nini?" Mlekwa akauliza.

"Aibu, mwanangu," Bi Sikitu akasema. "Sisi ni watu wenye aibu."

Huyo Hangwe aliyetajwa ukutani ni mtoto wake, mshambuliaji wa timu ya mji. Wazee wake walishuka kutoka milima ya makaa zamani za babu, na watu walikuwa wameshasahau. Alipofunga mabao nane mfululizo bomba lilisema mtoto wetu, damu yetu. Wiki mbili zilizopita alipaisha penalti moja juu ya mtambaa panya. Kabla mpira haujatua chini alikuwa ameshakuwa tumbili.

Mlekwa alimkuta uani, amekaa juu ya ndoo, pamba masikioni, viatu vyake vya mpira vimening'inizwa ukutani vinaota buibui. Jumamosi kulikuwa na mechi ya marudiano.

"Sichezi," Hangwe akasema kabla hajaulizwa.

"Hali pia," mama yake akaongeza. "Jana amekula viazi viwili tu, alivyomletea Bi Kazija wa hapo jirani. Yule mama ana moyo, Mungu ambariki."

Mlekwa akarudi ndani, mkono tayari uko kwenye begi. "Hili bomba naliziba sasa hivi. Dakika tano."

Bi Sikitu akamrukia. "Acha! Kuziba mdomo ni kesi! Afande Mkuu anatangazia humo humo."

Na kweli bomba likakohoa: "Afande Mkuu Bulimba anawajulisha wananchi wote kwamba hali ni shwari."

"Kumbe polisi mnao?"

"Tunao. Tele."

"Sasa mnakaa na matusi ndani ya nyumba ya nini? Hangwe! Vaa shati, twende."

Hangwe akatoa pamba moja. "Braza, mimi sijaona mtu aliyekwenda kule akarudi na jibu."

"Basi utakuwa wa kwanza. Mtu akikaa kimya ndo anaonewa."

Bi Sikitu alifungua mdomo kusema kitu, akaufunga. Mlekwa aliona, na hakuuliza. Hilo lilikuja kumuuma sana baadaye.

Kituoni walimkuta Koplo Pazia, mwanaume mrefu mwenye macho ya usingizi na kalamu iliyofungwa kamba mezani isiibwe kituo cha polisi.

"Shida?"

"Huyu anatukanwa," Mlekwa akasema.

"Na nani?"

"Si ndo mtuambie nyie?"

"Anatukanwaje?"

Hangwe akainama. "Afande, si maneno ya kurudia."

"Sheria inataka nisikie. Nisiposikia mimi hilo si tusi, ni uvumi. Simama wima, sema kwa sauti, mara tatu."

Hangwe akamtazama Mlekwa. Mlekwa akamtikisia kichwa, sema. Akasema mara ya kwanza, taratibu.

"Wa benchi la nyuma hawajasikia."

Akasema mara ya pili. Mwanamke aliyekuja kuulizia mbuzi wake akaziba uso na kanga. Mara ya tatu sauti ilikatika katikati ya "tumbili" na ikabidi aanze upya. Koplo Pazia akaandika mpaka nukta, akaweka kalamu, akavuta pingu kwenye droo.

"Hangwe, uko chini ya ulinzi kwa kutamka tusi mbele ya askari."

"We!" Mlekwa akapiga meza. "Una akili sawasawa? Kajitukana mwenyewe?"

"Mimi nimesikia kinywa kimoja tu. Sheria ya Midomoni inasema tusi ni mali ya kinywa kilichosikiwa na askari. Wewe umesikia kingine hapa?"

"Bomba!"

"Bomba halina kinywa, ndugu yangu. Lina tundu."

Wakamwingiza ndani. Mlekwa alichungulia dirisha la mahabusu, akakuta pamejaa wachezaji, wanaume kwa wanawake. Golikipa mmoja dada anaitwa Nyasatu alikuwa amelala na glavu zake.

"Karibu, Hangwe!" akasema. "Tulikuwa tumekosa namba tisa. Refa tunaye, huyo hapo anakoroma. Bado mpira tu."

Hapo dirishani Mlekwa akaambiwa njia ya kutoka. Ijumaa ni Siku ya Kufumba Macho. Kila mfungwa atapandishwa jukwaani kwenye uwanja wa mji, mbele ya watu wote, aseme: "Hakuna aliyenitukana. Nilijitukana mwenyewe." Akisema, anaachiwa hapo hapo. Asiposema, anangoja Ijumaa kama hiyo ya mwaka ujao.

"Nisemaje mimi nilijitukana?" Hangwe akamuuliza kupitia dirisha. "Nikisema hivyo, braza, Jumamosi nitaingia uwanjani na miguu ya nani?"

Mlekwa akaachia nondo za dirisha. Alirudi nyumbani, akamweleza Bi Sikitu, akangoja atukanwe. Mama hakupiga kelele.

"Ulipomchukua alikuwa na pamba masikioni," akasema. "Sasa hata pamba hana. Nirudishie mwanangu."

Mlekwa ni fundi, na fundi hakai kulia mbele ya bomba. Asubuhi alikusanya makumbi ya nazi, akayalowanisha, akayawasha chini ya ule mdomo, akaupepea moshi uingie ndani. Njia inayopitwa kila siku inabaki safi, isiyopitwa inajaa mchanga. Moshi utatokea kule kunakosema. Halafu akapanda juu ya paa, akatazama.

Moshi ulitoka kwa fundi cherehani. Ukatoka kwa mwalimu wa kwaya. Ukatoka nyumba ya bwana mmoja aliyekuwa anagawa maji ya bure kwa wapita njia. Mzito kuliko wote, mweusi, ulitoka kwenye bwalo la askari. Na wa karibu zaidi ulitoka kwa Bi Kazija, muuza viazi, ambaye alitoka nje mbio anakohoa, gunia kichwani.

Mlekwa akashuka. "Bi Kazija, gunia la nini?"

"La viazi."

"Kichwani?"

Bi Kazija akalivua, akakaa kwenye kizingiti chake. Alikuwa mama wa makamo, mnene, usoni vumbi la gunia.

"Mimi namwita Hangwe mwanangu," akasema. "Siku ya ile penalti nilikuwa nimefunga na kuomba. Mpira ulipopaa nikaingia ndani nikasema, nikaona nimepoa. Kesho yake nikasema tena. Ikawa kama chai ya asubuhi."

"Na mchana unampelekea viazi."

"Viazi nampelekea mimi. Yale maneno si mimi. Ni gunia."

"Gunia halina ulimi, Bi Kazija. Kijana yuko ndani kwa ajili ya ulimi wako."

Mlekwa akamwacha hapo na gunia lake mapajani, akaenda moja kwa moja kwa Afande Mkuu.

Afande Mkuu Bulimba alikuwa mtu mpole, mnono, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto. Alimkaribisha kiti. Mlekwa akasimama.

"Watukanaji nimewapata. Ninao kwa majina na nyumba."

"Uliwasikia vinywa?"

"Niliona moshi."

"Ah, kijana. Moshi haushtakiwi." Afande Mkuu akatabasamu. "Wasiwasi wako nauelewa, lakini kazi tunafanya. Mwaka juzi tulikamata watukanaji wawili. Mwaka huu thelathini na mmoja."

"Wote ni waliotukanwa!"

"Na tangu tuwakamate, malalamiko yamekwisha kabisa. Hakuna mtu anayekuja tena kulalamika. Hiyo inaitwaje?"

"Inaitwa woga."

"Inaitwa amani."

"Bwalo lako limetoa moshi kuliko nyumba yoyote hapa mjini."

"Hao ni wapishi," Afande Mkuu akasema, na sauti haikupanda hata kidogo. "Kijana, wewe ni mgeni. Wenye nchi wananiamini, tisini na saba kati ya mia. Na sisemi mimi, wanasema wenyewe kila mwaka. Njoo Ijumaa, nitakupa nafasi jukwaani. Wananchi hufumba macho ili kila mtu awe huru kunyoosha mkono bila kutazamwa. Mgeni hafumbi. Hana imani ya kutoa, sasa afumbe ya nini?"

Miaka yote wageni walikaa pale jukwaani macho wazi, wakinywa soda. Hakuna aliyewahi kufikiri mgeni naye ana macho.

Ijumaa ikafika. Uwanja ukajaa mpaka juu ya kuta. Wafungwa walipangwa mstari kando ya jukwaa, pingu mikononi, Hangwe wa mwisho. Tarumbeta ikalia, mji mzima ukafumba macho, askari pia, wafungwa pia. Wenye macho wazi walibaki wawili, Afande Mkuu na karatasi yake, na Mlekwa na soda yake.

"Anayemwamini Afande Mkuu, anyooshe mkono!" mwenyewe akaita.

Mlekwa akatazama. Mstari wa mbele mikono minne, ya maofisa wakubwa. Bibi mmoja wa ukoo wa Bulimba, wa tano. Mwanaume mmoja alinyanyua kujikuna sikio, akahesabiwa wa sita. Wa saba alikuwa mpiga tarumbeta. Koplo Pazia mkono ulipanda, ukafika kifuani, ukapapasa kifungo cha shati, ukashuka. Wengine wote, umati mzima ule, mikono ilikuwa imebanwa mapajani, macho yamekazwa, nyuso zinatoka jasho. Kila mmoja alikuwa anaogopa peke yake.

"Fumbueni!" Afande Mkuu akasoma karatasi. "Tisini na nane kati ya mia! Imani imepanda!"

Watu wakapiga makofi. Na Mlekwa akaona kitu kilichomtia uchungu kuliko mahabusu: kila mtu alimgeukia jirani yake na kumtazama kwa dharau. Kumbe ni wewe unayemwamini huyu.

Wakaanza kuwapandisha wafungwa. Refa akasema alijitukana mwenyewe, akafunguliwa, akaondoka bila kuangalia mtu. Nyasatu akasema, huku anatafuna maneno kama mchanga, akafunguliwa. Wakasema wote mmoja mmoja. Akabaki Hangwe.

"Sema, kijana," Afande Mkuu akambembeleza.

"Nilitukanwa," Hangwe akasema.

"Sema kama ulivyofundishwa."

"Nilitukanwa. Na walionitukana wako hapa."

Bi Sikitu, chini kule, akaweka mkono kifuani. Mwaka mzima ulikuwa unampita mbele ya macho. Askari wawili wakamshika kijana mabega wamrudishe ndani. Mlekwa akatupa soda, akaruka mbele.

"Jamani! Mimi sikufumba! Nimewaona! Walionyoosha ni saba. Saba tu!"

"Mwongo!" mtu akapiga kelele.

"Mgeni huyo, mshusheni!"

"Sawa, mimi mwongo. Ulizaneni tena, macho wazi!"

"Sheria hairuhusu," Afande Mkuu akaanza, lakini Bi Sikitu alikuwa ameshapanda juu ya benchi, kitambaa kimemwanguka kichwani.

"Nauliza mimi! Nani hapa anamwamini? Nyoosheni, tuonane!"

Hakuna mkono uliopanda. Hata wale wanne wa mbele walitazama kwanza nyuma, wakaacha ya kwao chini. Watu wakatazamana muda mrefu. Halafu mzee mmoja akacheka.

"We Mzee Kibindo, kumbe na wewe humwamini?" jirani yake akamuuliza.

"Mimi tangu mwaka wa mafuriko!"

"Miaka yote hiyo nakununia bure!"

Kicheko kikaenea, kikageuka kelele, kelele zikageuka matusi ya kumwendea Afande Mkuu. Ngumi zikapanda. Mlekwa mwenyewe alikuwa anapiga kelele kuliko wote. Ndipo Hangwe akanyanyua mikono yake yenye pingu.

"Nyamazeni na nyie!"

Ngumi zikashuka moja moja.

"Mmefurahi, sio? Kwake mmefumbua macho. Na kwangu je? Nyumbani kwetu yanaingia matusi mia kwa siku. Askari wa mji huu hawafiki mia. Nyie ndo mnanipigia makofi, na nyie ndo mnaniita tumbili. Kama tusi ni mali ya kinywa, njooni hapa mniambie. Mchana huu, bila gunia. Nani anaanza?"

Mwalimu wa kwaya alikuwa anaangalia viatu vyake. Yule bwana wa maji ya bure alikuwa ameshaondoka. Mlekwa angeweza kuwataja wote, majina yalimjaa mdomoni, akayameza. Hayakuwa yake kuyasema.

Ndipo watu wakasogea pembeni, na Bi Kazija akapita katikati yao, mzito, anahema. Gunia alikuwa amelishika mkononi. Akalitupa chini mbele ya jukwaa.

"Mguu wa mbao ni langu," akasema. "Na lile la tumbili pia. La asubuhi. Ni mimi, mwanangu."

Koplo Pazia akakohoa. "Afande, nimesikia kinywa."

"Kamata wote wawili, mama na kijana," Afande Mkuu akasema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

Koplo Pazia akachukua ufunguo, akamfungua Hangwe. "Tusi limepata mwenyewe, Afande. Na pingu ninazo hizi tu." Akamgeukia Hangwe, hakumgeukia mkubwa wake. "Nimfunge?"

Bi Kazija alikuwa ameshanyoosha mikono. Hangwe akaitazama, mikono ile ile iliyommenyea viazi wiki mbili.

"Muache," akasema. "Aniangalie tu."

Bi Kazija akanyanyua uso, akamwangalia. Ilimchukua muda, na ilikuwa kazi nzito kuliko pingu. Baada yake walikuja wengine kumi na mmoja. Sitakudanganya kwamba walikuja wote. Wengi walikumbuka wana sufuria jikoni.

Na Afande Mkuu hakujiuzulu. Jumamosi asubuhi alitangaza kwenye midomo yote kwamba imani ni tisini na tisa. Nyumba moja tu haikusikia. Ukuta wa Bi Sikitu ulikuwa umezibwa kwa udongo na saruji Ijumaa ile ile, mlango wazi, mchana kweupe, na Mlekwa aliandika jina lake juu ya saruji kabla haijakauka.

Jioni ile Hangwe alivaa viatu vyake. Dakika ya sabini wakapata penalti, mpira akauchukua yeye. Akapiga, ukapita juu ya mtambaa panya tena, ukaenda kuangukia migombani.

Halafu Bi Kazija akasimama kwenye ngazi, uso wazi.

"Hangwe! Umepiga ovyo!"

"Nimeona, Bi Kazija!" Hangwe akamjibu kutoka uwanjani. "Na viazi vyako vya jana vilikuwa chumvi tupu!"

Watu wakacheka mpaka refa akacheka. Mpira ukaletwa, wakaendelea kucheza.

Jumapili Koplo Pazia alifika kwa Bi Sikitu na pingu zake kiunoni, akamkuta Mlekwa anakunywa uji.

"Nimetumwa kukukamata kwa kosa la kuziba mdomo."

"Nimeziba. Andika hivyo hivyo, na jina langu liko ukutani."

Koplo akaingia, akasoma lile jina, akapapasa saruji kwa kidole, akaigonga mara mbili.

"Hii ikikauka haitoki?"

"Haitoki."

Koplo akavua kofia. "Kule bwaloni tunalo moja," akasema. "Linavuja vibaya sana."

Mlekwa akamaliza uji wake, akabeba begi. Mimi nimeishia hapo. Anayebisha akaugonge ule ukuta mwenyewe.